Gonga Tatu, Usizibe

Mimi nilisoma mpaka darasa la pili, na hilo la pili sikulimaliza. Nalisema mapema asije mtu akadhani nalionea aibu. Nyumba ninayokaa nimeijenga mwenyewe, msingi mpaka paa, na wenye vyeti vyao wamekuja kupanga kwangu. Wao wanasoma gazeti, mimi nasoma ukuta. Naujua ukuta uliojengwa na mtu mwenye njaa, naujua uliojengwa na mtu mwenye haraka. Lakini upo mmoja niliousoma miaka ile ya hamsini, kabla ya Uhuru, na jibu lake mpaka leo sijui niliweke wapi.

Ulikuwa Katindiuka, pembeni mwa Ifakara, pale nyumba zilipokuwa zinakwisha na mashamba ya mpunga yanaanza. Nyumba yenyewe aliijenga Mwarabu mmoja, mfanyabiashara wa pembe na mchele, muda mfupi kabla ya vita vya Mjerumani na Mwingereza. Kwao mtu yule ni jangwani, na alitaka nyumba kama ya kwao. Kuta zilikuwa za matofali mabichi, nene kiasi kwamba ukinyoosha mkono dirishani vidole havifiki nje. Madirisha yalikuwa ya kupita paka. Paa lilikuwa bapa, udongo ulioshindiliwa juu ya magogo, mtu anaweza kupanda akaanika nafaka. Kwao mvua ni habari ya kusimuliwa. Kwetu masika ikichanganya, mitumbwi inapita juu ya matuta ya mpunga na kambale wanaingia jikoni. Paa lile lilivuja mapema, likaezekwa bati juu ya udongo uleule. Vita vilipokwisha Mwarabu aliondoka, hakurudi. Nilipopata akili nyumba ilikuwa ya popo.

Aliyezijenga kuta zile ni mzee wangu.

Ukuta mnene vile haujengwi na mtu mmoja. Fundi anakaa nje, mwenzake anakaa ndani, kila mmoja anapanga uso wake. Hamwonani, na ukiita, sauti inamezwa na udongo. Kwa hiyo mzee wangu na mwenzake walikuwa wanagongeana kwa mpini wa mwiko. Ukigonga moja, unaomba udongo. Ukigonga mbili, tofali limekaa, endelea. Ukigonga tatu, maana yake usizibe, bado nimo ndani. Mzee alinifundisha hayo kabla hajanifundisha kushika timazi, na ukikosea ya tatu alikuwa anakupiga.

Huyo mwenzake alikuwa kijana aliyehamia kwetu na mama yake na dada yake mdogo kutoka upande wa Mahenge, mwenye kidole kidogo cha mkono wa kulia kilichopinda kwa nje. Kiliwahi kuvunjika kikaunga vibaya. Vita vilipoanza na askari wakawa wanapita vijijini kukamata watu wa kubeba mizigo, kijana yule akapotea. Hakuna aliyemwona akikamatwa, hakuna aliyemwona akienda. Mara ya mwisho watu walimwona anaingia nyumba ya Mwarabu na ndoo ya udongo. Basi wakajijibu wenyewe kwamba yumo ukutani. Wengine walisema Mwarabu alitaka mtu ili kuta zisimame, wengine walisema aligombana na mzee wangu juu ya mwanamke. Kila mmoja alikuwa na sababu yake, ila mahali walikubaliana.

Mzee wangu hakuwajibu. Tena kibaya zaidi, nilipokuwa mdogo alikuwa ananichukua kila mwaka maji yakishuka, tunakwenda kwenye nyumba ile. Anaingia chumba cha nyuma, anagonga ukuta mara tatu, anaweka sikio, anasimama hivyo mpaka miguu yangu inachoka. Kisha anasema, "Twende." Watu walikuwa wanatuona. Wangefikiri nini? Hata mimi mwanawe nilifikiri walivyofikiri wao. Akafa hajasema neno.

Nikarithi mwiko wake, nikarithi na maneno. Nikiingia kilabuni lazima mtu aulize, "Fundi, umehesabu vibarua wako leo?" Watu wanacheka mpaka pombe inamwagika. Wapo waliokataa nisiwajengee chumba cha kulala. Na alikuwepo dada wa yule aliyepotea, mama wa makamo wakati huo, anaishi hapo hapo Katindiuka peke yake. Kila nikimpita nasema, "Shikamoo, mama." Ananitazama kama anavyotazama ng'ombe aliyeingia shambani, anaendelea kupepeta mchele wake. Miaka yote hiyo. Mtu asiyetoka kwetu hawezi kujua uzito wa shikamoo inayoachwa chini.

Ndipo akaja mgeni. Alikuja kwa lori, kiangazi, na masanduku na mikanda ya kupimia. Naye alikuwa mtu wa jangwani, mwembamba, mpole, Kiswahili chake cha pwani, cha kuchagua maneno. Alisema anasoma Ulaya, anatafuta shahada ya juu kabisa, ya udaktari. Neno hilo lilifika sokoni kabla yeye hajashusha masanduku. Asubuhi yake akina mama wamejipanga mlangoni kwake na watoto wenye homa, na mzee mmoja amekwishafunua kidonda cha mguu. Ikabidi aeleze kwamba udaktari wake ni wa nyumba. Kule kwao nyumba za zamani za udongo zinaoza na kuanguka, naye anatafuta namna ya kuzihifadhi.

Yule mzee wa kidonda akamwuliza, "Nyumba ikiumwa, kwenu hamhami?"

"Hatuhami, mzee. Babu zetu walikaa humo."

"Basi wagonjwa ni nyinyi," mzee akasema, akafunga kidonda chake akaenda zake.

Mimi ndiye niliyekubali kufanya naye kazi. Mafundi wengine hawakutaka hata kukanyaga kivuli cha nyumba ile, na mimi nilitaka wanione naingia. Mgeni alinieleza shida yake bila kunidharau, hilo nampa. Jangwani nyumba zinaliwa na upepo na chumvi. Mwalimu wake alimwambia huwezi kujua kinachoiweka hai nyumba ya pakavu mpaka uone nyumba ya namna ileile inavyokufa kwenye maji. Akapata habari za ya Katindiuka kwa ndugu wa yule Mwarabu. Alitaka kuitazama kuanzia kiangazi, ipite masika nzima, mpaka maji yashuke. Masomo yake yote yalisimama juu ya hilo.

Kazi ilikuwa ya ajabu. Hatukutengeneza kitu. Tulichomeka vijiti vya mianzi ukutani, kimoja juu ya kingine, na kila asubuhi anavichomoa, anavishika, anavinusa, anaandika. Alinionyesha jinsi maji yanavyopanda ukutani kutoka ardhini kama mafuta yanavyopanda utambi wa koroboi. Kuta zote zilikuwa zimelowa mpaka magotini, juu ya hapo kavu. Isipokuwa ukuta wa chumba cha nyuma, uleule wa mzee. Huo ulikuwa umelowa mpaka juu, kupita kichwa changu. Ukiweka kiganja kinatoka na unyevu wa vuguvugu, kama umegusa paji la mtu mwenye homa. Na popo waliojaa vyumba vingine, kwenye chumba kile hakulala hata mmoja. Nilipomwonyesha hayo mgeni alipapasa ukuta mpaka mkono wake ulipoishia.

"Maji hayapandi hivi," akasema. Akaandika, akafuta, akaandika tena.

Siku moja tukapima nyumba yote. Tulipima nje, tukapima ndani, tukajumlisha unene wa kuta. Ndani ikapungua. Mgeni akadhani mkanda umevutika. Nikachukua kamba yangu ya ujenzi, nikapima mwenyewe, ikapungua palepale. Nyuma ya ukuta ule uliolowa palikuwa na nafasi ya mtu kulala akanyoosha miguu, na hapakuwa na mlango.

Tulitazamana. Yeye hakuwa anajua lolote la kijana aliyepotea, na mimi sikumwambia.

Fundi yeyote akitaka kujua kama ukuta una utupu, anaugonga. Nikageuza mwiko wa mzee, nikagonga kwa mpini. Niligonga mbili, kwa mazoea tu, mkono ulikwenda wenyewe. Jua lilikuwa utosini, nje kumenyamaza, hata ndege wa mpunga wametulia. Mgeni alikuwa anaandika. Nikasikia kutoka ndani ya ukuta, taratibu, na kwa nafasi iliyo sawa: ko. Ko. Ko.

Mgeni aliinua kalamu. Kwa hiyo asije mtu akaniambia niliota.

Akanieleza kwamba jua likipiga upande wa nje, udongo unajivuta, ukuta unalia. Akasema jangwani nyumba zote hulia mchana.

"Na huko kwenu zinalia tatu tatu?" nikamwuliza.

Akarudi kwenye vijiti vyake. Kesho yake mchana niligonga tena mbili, zikarudi tatu. Kesho kutwa hivyo hivyo. Nisipogonga, kimya. Usiku nilikuwa nalala vizuri tu, sitadanganya. Ila mchana, nikishika mwiko, kiganja kilikuwa kinatoa jasho kama ule ukuta.

Nikamwambia mgeni nataka kuufungua. Hapo ndipo nikamweleza yote, ya mzee wangu na ya yule kijana. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akakataa.

"Fundi, ukuta huu umezoea maji," akasema. "Umesimama kwa sababu ndani hamna hewa. Ukiutoboa utakauka ghafla, utapasuka, na masika ikija nyumba itakwenda yote. Mimi nitarudi mikono mitupu. Miaka yangu mitatu."

"Miaka yako mitatu. Mimi natukanwa tangu sijaota ndevu."

"Subiri masika ipite. Nakuahidi tutaufungua pamoja, wewe na mimi."

Nikasema sawa. Nilikuwa namdanganya, na nilijua namdanganya.

Ijumaa alipokwenda msikitini nilichukua sururu. Kwanza nilipita kwa yule mama. Sikumwamkia siku hiyo. Nilimwambia, "Nakwenda kufungua ukuta. Ukitaka kuona, njoo." Aliweka ungo chini, akajifunga kanga, akanifuata. Watu wa mashamba ya jirani walituona wakaja, lakini walisimama mbali, kwenye matuta, kama watu wanaongoja mtumbwi.

Pigo la kwanza sururu ilizama kama kwenye ndizi mbivu. Nilipotoboa upande wa pili, ukuta ulipumua. Sina neno lingine. Hewa baridi ilitoka ikanipiga usoni, na harufu yake haikuwa ya uozo wala ya popo. Ilikuwa harufu ya udongo uliokandwa asubuhi ile, tunaotia udongo wa kichuguu ndani ili lipu ishike. Naijua harufu hiyo kama ya mama yangu. Nikapanua tundu mpaka mabega yapite. Kabla sijaingia nikasema hodi. Wale wa mashambani hakucheka mtu.

Chumba kilikuwa kitupu.

Nasema kitupu kwa maana nilipiga magoti nikapapasa sakafu yote kwa vidole, kona mpaka kona, nikitafuta kilichokuwa kimesemwa maisha yangu yote. Hapakuwa na mfupa, wala jino, wala kitambaa cha nguo. Palikuwa na mkeka uliooza, na chungu cha maji kimefunikwa vizuri kwa kigae. Kwenye kona palisimama gogo lililokatwa vikato vya kukanyagia, linapanda mpaka kwenye paa la zamani, na pale juu palikuwa na tundu la mraba la kupita mtu. Juu ya tundu, bati la mzee wangu, na misumari yake.

Hapo nikauelewa ule mchezo. Mgeni alikwisha kunieleza kwamba kwao ghala la nafaka halina mlango chini, unaingilia paani. Lakini katika ghala mtu halali juu ya mkeka. Analala anayejificha. Mzee wangu alimficha mwenzake asikamatwe na askari. Baadaye Mwarabu akaamuru bati liezekwe. Mzee alipanda pale juu, akagonga tatu kuuliza kama bado yumo, akangoja. Hakujibiwa, na mbele ya Mwarabu hakuweza kuita wala kushuka. Sasa kimya ni nini? Ni mtu aliyekwisha kutoka, au ni mtu aliyekwisha kufa? Akashindilia misumari yake. Na kila mwaka akawa anarudi kuuliza. Angeweza kuubomoa mwenyewe wakati wowote baada ya Mwarabu kuondoka, na nilikuwa najiuliza miaka yote kwa nini hakuubomoa. Pale ndani nilijua. Ukuta ukiwa mzima, aliweza kuamini kwamba mwenzake alitoka.

Kisha nikatazama kuta. Lipu ilikuwa mbichi. Baada ya miaka yote ile unaweza kuibonyeza kwa kidole ikaacha shimo. Na ilipakwa kwa mkono, michirizi ya vidole imejaa. Mpaka usawa wa kifua ilikuwa ya mzee wangu. Alitumia mkono wa kushoto, upinde wa michirizi yake unageukia upande ambao hakuna fundi mwingine Ifakara aliugeuzia. Juu ya hapo ulianza mkono mwingine. Michirizi minne imekwenda pamoja, wa tano umejitenga nje, peke yake, kama mtu aliyekosana na ndugu zake. Ulipanda hivyo mpaka kwenye tundu la paani.

Yule mama alikuwa amekwisha kuingia nyuma yangu. Aliiona. Akaweka vidole vyake ndani ya ile michirizi, kimoja kimoja, na cha mwisho akakipinda kwa nguvu mpaka kikaingia. Akainama akachukua chungu.

"Cha mama," akasema. "Alikitafuta sana." Akatazama lile gogo, akatazama tundu. "Kwa hiyo alitoka."

"Alitoka, mama."

"Nimemlilia hapa tangu sijavunja ungo. Kumbe alitoka akaniacha."

Nilikuwa nimefikiri siku hiyo nitaruka kwa furaha. Jina la mzee wangu lilikuwa limesafika, na watu wa kwenye matuta walikuwa wanachungulia tunduni mmoja mmoja wakitoka wameinamisha vichwa. Lakini uchafu uliosafika kwangu nilikuwa nimemmwagia yeye.

Mgeni aliporudi hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliingia, akaweka kiganja kwenye lipu, akakitazama. "Haijakauka tangu walipoipaka," akasema, kama anaongea na mtu mwingine. Akaandika mpaka jua likazama. Siku ya tatu michirizi ilianza kupasuka. Siku ya tano ilidondoka yote kama maganda, na ukiokota kipande kinasagika mkononi. Masika ikaja. Ukuta ule ulianguka mchana, mbele yetu, ukavuta mwingine, na mwingine. Mgeni alisimama mvuani akiandika chini ya mwavuli saa ya kila ukuta kuanguka. Alipoondoka aliniambia, "Nimeandika ilivyokufa. Nilitaka kuandika inavyoishi." Sikumwomba radhi. Nilimbebea masanduku mpaka kivukoni, akapanda, hatujaonana tena. Sijui kama alipata udaktari wake. Hilo huwa linanisumbua kuliko nilivyotazamia.

Kilabuni hakuna aliyeniuliza tena habari za vibarua. Vyumba vya kulala nikajenga mpaka nikakataa kazi.

Maji yaliposhuka nilipita kwa yule mama. Alikuwa uani na ungo wake, na kile chungu kimewekwa mlangoni, kina maji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," akasema. Nikasimama. Akapepeta kidogo, akaondoa chuya moja, akasema bila kuinua macho, "Ulisema ulisikia tatu."

"Nilisikia. Na mgeni alisikia."

"Na ndani hapakuwa na mtu."

"Hapakuwa na mtu."

"Sasa aliyesema bado yumo ni nani?"

Nilimwambia sijui. Akasema na yeye hajui, akanikaribisha nikae, nikakaa.

Pale palipokuwa na nyumba baadaye palilimwa mpunga. Mwenye shamba aliwahi kuniambia kuna kipande cha kama chumba kidogo hakikauki hata katikati ya kiangazi, ukikanyaga kina joto. Nimepita hapo mara nyingi, kila mwaka maji yakishuka. Mwiko wa mzee huwa ninao. Nasimama mpaka miguu inachoka, kisha naenda zangu. Sijagonga.